Tungule Chini ya Chandarua

Alhamisi, 3 Desemba 1998

Leo nimekamata maua yanayozaa tungule!

Getini Kilindini, niko zamu ya kukagua mimea, jua la saa saba linachoma utosi. Pikapu yatoka bandarini, nyuma imefunikwa shuka jeupe. Dereva ni Kenneth, karani wa wakala mmoja wa meli, kijana wa manukato mengi na majibu mengi zaidi. Nikamwuliza amebeba nini. Maua, asema. Ya Krismasi. Zawadi ya nahodha kwa Mzungu mmoja mwenye hoteli huko Nyali. Nikainua shuka. Vyungu sita vya nyanya — sisi huku twaziita tungule — miche imenawiri, matunda yamening'inia mekundu yang'ara. Nikamwuliza ni Krismasi gani hiyo ya kachumbari.

Mimea na udongo bila kibali — hilo peke yake latosha kumzuia. Lakini kila chungu kina kibandiko, na kibandiko chajisifu: tungule hizi zimebadilishwa jeni huko ughaibuni ili zisioze upesi. Ziweke mezani mwezi mzima, utazikuta ngumu vile vile. Kenneth akasema hilo si ni jambo zuri, dada, mbona wakunja uso? Nikamwambia jambo zuri haliji limefunikwa shuka.

Mwaka huu huu Nairobi wametoa kanuni mpya. Kiumbe chochote kilichobadilishwa jeni hakiingizwi, hakipandwi wala hakiachwi kikatoka nje mpaka kamati ya wataalamu ikitazame na itoe ruhusa. Mimi kanuni hizo nimezisoma zote. Bwana Mumo, mkubwa wangu, aliishia kwenye jalada.

Miaka yote hii nakagua vitunguu na mbatata. Leo na mimi nimepata kitu cha maana. Nimerudi nyumbani natembea kama bibi arusi.

Ijumaa, 4 Desemba

Furaha imeingia mchanga.

Mumo kawapigia simu Nairobi. Jibu: msichome, msitupe, kamati yataka kuiona miche ikiwa hai. Ikae pahali palipofungwa, pasipofika nyuki, ndege wala mtu asiyehusika. Kisitoke kitu. Hata mbegu.

Haya, iwekwe wapi? Banda letu la wavu limebaki nguzo. Wavu wenyewe ulikwenda kuwa goli la timu ya ofisi, na mabao yote tukafungwa sisi. Bohari tuliyopewa Shimanzi ni giza tupu, miche itakufa kabla ya wiki. Kanze, mwenzangu wa meza ya pili — Mgiriama, ulimi wake mkali kuliko wangu, na mimi watu siwasifii hivi hivi — akasema basi tukatupe jaani Kibarani. Kisha akacheka mwenyewe. Nani asiyejua tungule zinavyojiotea Kibarani kwenye taka, bila jembe wala mkulima? Tupa moja tu pale, mwakani utazikuta Changamwe.

Baadaye Mumo akaniita ndani na akafunga mlango. Uhamisho wa Januari umepangwa. Mimi nimepangiwa Busia.

Busia! Mpakani kabisa, Uganda iko hapo mkononi. Mama magoti yamemkataa, ngazi za nyumba yetu hajazishuka tangu mwaka juzi. Nitamwacha na nani? Sina ndugu. Mume niliyekuwa naye nilimrudisha kwa mamake zamani.

Mumo si mtu mbaya. Alisema kwa upole, akivuta vuta tai yake. Daktari mmoja wa kamati atakuja Januari kuiona miche. Akikuta kila kitu salama, yeye Mumo atapata la kuwaambia wakubwa: bandari yahitaji mtu anayejua mambo haya mapya, Bi Shukri asihamishwe. Na kikitoka kitu? Alifungua viganja tu.

Nikasema: iwekwe kwangu. Ghorofa ya nne, sakafu ya juu tunapoanika nguo, ukuta pande zote, mlango wa kufuli.

Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 5 Desemba

Hamali wawili wamepandisha vyungu, wakalaani kila kidato. Nimefunga mianzi, nimetandaza chandarua juu yake mpaka chini, nimekikandamiza kwa matofali. Mama ndiye aliyekishona, maana kilikuwa na tundu. Ameshona huku analalamika. Watu mtaani wanaumwa na mbu, tungule zalala ndani ya chandarua kama wazazi wa arubaini.

Nimemweleza. Mama, hizi ni za serikali. Zimebadilishwa. Hazijulikani bado zikichanganyika na za kwetu itakuwaje. Ukimwona nyuki, mfukuze. Akauliza zimebadilishwa nini. Nikasema hazina haraka ya kuoza. Akazitazama kwa heshima kidogo. Akasema laiti na samaki angebadilishwa hivyo.

Ufunguo nimeuvaa shingoni. Habari ya Busia sijamwambia. Kwa nini nimtie roho juu? Haitokei.

Jumanne, 15 Desemba

Joto la kuua. Nimerudi kazini nikakuta miche imelegea kama nguo mbichi. Yataka maji mchana, na mchana mimi niko Kilindini. Nimempa Mama ufunguo. Vidato vya kwenda juu ni vichache, hivyo avimudu taratibu, akishika ukuta.

Nimemwapisha. Utie maji, ufunge. Usitunde, usichume hata moja. Hata moja, Mama! Akasema yeye si kunguru.

Nami moyo umetulia. Mama hashuki, basi nini kitatoka? Haja zake zote apitisha dirishani kwa kile kikapu chake cha ukili chenye kamba. Akiita muuza mahamri, kikapu chashuka na shilingi, chapanda na mahamri. Mtaa mzima wamjua kwa kikapu hicho.

Jumapili, 20 Desemba

Ramadhani ya kwanza. Kichwa chaniuma kwa kukosa chai. Mtaa wanukia sambusa tangu alasiri, hii ni adhabu. Jioni sahani zimeanza kutembea, nyumba hii kwenda ile. Mzee Badawi wa nyumba ya mbele ametuletea viazi vya karai. Tumekula tukashukuru.

Miche salama. Nyuki hakuna.

Ijumaa, 25 Desemba

Ofisi imefungwa, Krismasi yao. Nikasema leo nikae na miche yangu kwa utulivu.

Nimefungua kufuli, nimeinua chandarua. Hee! Matunda yamepungua! Yale mekundu yaliyokuwa kileleni hayapo. Tulipoyakamata tulihesabu vyungu. Nani angehesabu tungule? Lakini macho yangu nayajua, na yale matunda nayajua.

Nikashuka jikoni. Mama yuachambua mchele, ametulia kabisa. Nikamwuliza kama ametunda.

"Wewe wanambia nisitunde. Sikutunda," akasema. "Zilianguka zenyewe. Niziwate tini zikanyagwe?"

Ziko wapi basi? Akataja kama ataja majina ya watu aliowasalimu. Sahani ya viazi vya karai ya Mzee Badawi ilirudi na tungule mbili. Sahani ya tambi ya mwalimu wa chuoni, mbili. Bakuli la uji la fundi cherehani, moja kubwa. Siku hizo mimi nilichelewa kazini, nyumbani hamkuwa na kitu, na chombo cha watu hakirudi kitupu, hasa mwezi huu. Zote zilishuka kwa kikapu.

Kikapu! Nimefunga mlango kwa kufuli la shaba, nimekandamiza chandarua kwa matofali — na dirisha liko wazi na kamba yaning'inia!

Nilipiga kelele. Swaumu yangu leo Mungu ndiye ajuaye. Mama akaniangalia mpaka nikanyamaza, kisha akasema, pole pole: "Kwa hivyo wewe wataka sahani ya Badawi niirudishe tupu. Nitauweka wapi uso wangu?"

Nimelelewa na mwanamke huyu, sahani tupu nami sijairudisha maishani mwangu.

Jumatatu, 28 Desemba

Nimezunguka kuuliza, kwa hila. Zililiwa zote. Mwalimu wa chuoni alizitia kwenye mchuzi wa pweza. Fundi cherehani alikula yake na chumvi, alisema ilikuwa ngumu kama mpira lakini tamu. Mzee Badawi alitabasamu tu. Akasema ziliingia pahali pazuri. Basi, nimeshukuru. Kilicholiwa kimekwisha.

Nikamweleza Kanze, maana peke yangu ningepasuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama najua tungule za Kibarani hutoka wapi hasa. Nikasema kwenye taka. Akasema siyo taka zote ni za jikoni, dadangu. Mbegu ya tungule humpita mtu ikatoka nzima, tayari kuota.

Sikulitaka jambo hili kichwani. Sasa limo. Kila mtu wa mtaa wetu nikimtazama, namwona chungu.

Jumatano, 6 Januari 1999

Balaa.

Leo natoka kazini, nimechoka, nimeinua kichwa kutazama saa ya msikitini — na pale roshanini kwa Mzee Badawi, katikati ya rehani na pilipili zake, naona makopo mapya ya samli yamepangwa. Na ndani ya makopo, vijani vibichi vimesimama.

Nilipanda ngazi zake bila hodi. Mzee Badawi ni mstaafu wa bandari, mjane, na hana kazi nyingine ila kuotesha. Ukimpa kokwa la embe usiku, asubuhi lina kopo. Akanipokea kwa bashasha, akanikalisha. Kumbe zile mbili hakula zote! Alikula moja. Ya pili aliiweka dirishani aone itaoza lini, ikakaa siku baada ya siku, haikunjiki ngozi. Akasema tungule ya namna hii si ya kuliwa ikaisha. Akatoa mbegu, akazianika kwenye karatasi, akazipanda. Zimeota zote. "Tungule ya Mama Shukri," ndivyo anavyoiita. Na kwa ukarimu wake amekwisha gawa makopo! Kwa fundi cherehani, kwa muuza halua, kwa mwalimu, na kila nyumba yenye roshani iliyomletea futari.

Bila shaka. Sahani zao zilikuwa kwake. Angezirudisha na nini, mjane yule?

Nikamwambia miche ina ugonjwa, nimekuja kuichukua. Akaudhika hasa. Miche yake haijawahi kuugua tangu enzi za ukoloni. Ikabidi nimwambie kweli yote: serikali, kanuni, jeni, Daktari, Busia. Akapangusa miwani.

"Kwa hivyo serikali yataka irudishiwe vyake kabla hajaja mwenyewe," akasema. "Hapo una haki, mwanangu. Chukua."

Nikampenda yule mzee. Kisha akanikumbusha kwamba huko kwengine siwezi kwenda mikono mitupu.

Jumamosi, 9 Januari

Kaimati. Siku tatu hizi mimi ni wa kaimati. Kila nikitoka kazini nasimama mbele ya karai, mafuta yanirukia, swaumu yanikaba, najaza sahani, nabisha hodi. Masalkheri. Masalkheri, mwanangu, karibu. Habari za futari? Njema. Mama hajambo? Hajambo, awasalimu. Baada ya yote hayo ndipo niseme nimekuja kuchukua kopo la Mzee Badawi, kuna udhia kidogo wa kazini. Watoa bila neno. Lakini sahani yangu hawairudishi tupu! Nimekwenda na kaimati, nimerudi na mche mmoja na bajia. Sasa ile sahani ya bajia ni yao, nayo yapaswa irudi na kitu. Nikipeleka kitu, watanipa kitu. Mke wa muuza halua kanipa kilo nzima ya halua nyeusi na akaniambia harusi yangu ya pili ataipika yeye.

Mama amefurahi. Asema miaka mingi hajaona Ramadhani ya watu kupendana hivi.

Makopo yote aliyonitajia Mzee Badawi nimeyakusanya, ila moja. Asema hilo hakumbuki alilipeleka wapi. Mtu wa umri wake, simlaumu. Kanze alikuja na kanga kubwa, tukafunga miche kama bunda la nguo chafu, tukaenda kuichoma kwenye tanuri la bandari. Njiani akaniuliza kama nina hakika yamekwisha. Nikasema nina hakika. Lile kopo moja sikulitaja.

Jumatano, 13 Januari

Amekuja! Na ameondoka! Niandike kwa utaratibu.

Daktari Ogutu ni mtu mrefu, ameinama kwenye kila mlango wa nyumba yetu, na kwenye ghorofa ya tatu alisimama akajifanya atazama nakshi za mbao. Mumo nyuma yake, tai imemkaba. Daktari alibeba mfuko wa matunda ya Limuru — mapeasi na plamu — akampa Mama kwa mikono miwili. Mama akaupokea kwa mikono miwili. Hapo hapo nikajua amempenda.

Juu sakafuni alikagua kama hakimu. Aliinama, akapapasa mshono wa chandarua, akauliza nani fundi. Nikasema Mama. Akasema huko Nairobi amejionea mabanda ya mamilioni yenye matundu ya kupita paka, hajaona kazi kama hii. Kisha akanigeukia. Je, tangu miche ifike hapa, hakuna kitu kilichotoka?

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo kusema kweli. Mumo akanitangulia: "Hata mbegu, Daktari."

Wakanitazama wote wawili. Kichwa changu kikaitika chenyewe. Nikajiambia si uongo mkubwa, vilivyotoka vimerudi na vimeungua.

Daktari akasema kamati imekwisha amua: nahodha hakuomba kibali, Mzungu wa hoteli hakuomba kibali, miche iteketezwe leo mbele yake. Tuliing'oa, tukaitia kwenye pipa, tukamwaga mafuta ya taa. Ilinuka kama mchuzi ulioshika chini. Fundi cherehani alitoa kichwa dirishani akauliza nani ameunguza futari yake. Nilisikitika kidogo kuona vile vyungu vitupu. Nilikuwa nimeizoea ile miche.

Magharibi ikaingia. Mama akakataa katakata wageni waondoke na njaa. Nikawaacha mezani naye, nikapanda juu kumwagia majivu maji. Niliporudi walikuwa wanacheka, Daktari ameshika mahamri, Mumo amelegeza tai. Mumo akatangaza: ataandika kwamba bandari hii ina mtu wake na asiguswe. Busia watafute mwingine!

Walipokuwa wakiaga, Mama akamkabidhi Daktari kifurushi cha njiani. Sikukiangalia. Nilikuwa nashangilia moyoni kama mtoto. Kesho asubuhi Daktari apanda ndege.

Alhamdulillahi. Nalala.

Alhamisi, 14 Januari

Silali tena mimi.

Alasiri nimerudi, muuza mkate wa mofa apita chini, aita. Nikamwambia Mama ateremshe kikapu. Akasema kikapu hakipo. Kiko wapi? Kimekwenda Nairobi. Kwa Daktari. Sasa yale matunda ya Limuru si yalikuja kwenye mfuko wa nailoni? Angemrudishia mfuko wa nailoni? Akachukua kikapu chake, akafungua kamba, akatia mkate wa sinia, akatia halua. Na chini, kimesimamishwa vizuri katikati ya vitambaa, kopo la Mzee Badawi.

Kopo gani? Kopo la mche. Mzee Badawi alimtumia kwa kikapu alipoanza kugawa, kurudisha fadhila ya zile tungule. Mama aliliweka nyuma ya tangi la maji, alitia maji pamoja na ya serikali, usawa. Mbona hakuniambia? Sikumwuliza, asema. Nilikuwa nikitafuta ya majirani. Hili lilikuwa lake, la zawadi.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Mche wa mwisho, ulio hai peke yake, umepanda ndege mapajani mwa mtu wa kamati! Aliyekuja kuhakikisha kwamba hautoki ndiye aliyeutoa. Kisiwa chote nimekipekua kwa kaimati, nao uko Nairobi.

Nikamwuliza kwa nini, Mama, kwa nini ule? Kwa nini usimpe halua peke yake?

Alipangusa mikono kwenye kanga. Kumbe jana, nilipokuwa juu na majivu yangu, Mumo aliropoka. Alidhani Mama ajua. Alisema, Mama, sasa Bi Shukri haendi Busia tena.

"Mwezi mzima unanificha," Mama akasema. "Nikatazama ndani ya nyumba hini, kitu kizuri ni kipi? Halua yauzwa kila mahali. Nikampa ninachokipenda, mwanangu, apate kukukumbuka."

Nikalia. Yeye pia. Futari tumeila na macho mekundu, mbaazi zimeingia chumvi mara mbili kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake hakutia.

Baada ya kula nikamwambia: nikisema kweli, ni Busia. Nikinyamaza, tungule zitaota kwenye bustani ya Daktari mwenyewe, na jirani zake nao wana sahani. Akasema ikiwa ni Busia basi naye aja. Nikamkumbusha magoti. Akasema atakaa kwenye kikapu, tumshushe kwa kamba dirishani, mtaa mzima wamuage.

Nimecheka mpaka nimeshika ubavu. Kisha nikakumbuka kwamba hata kikapu hatuna.

Ijumaa, 15 Januari

Sikwenda kazini asubuhi, nimeomba ruhusa, nimesema tumbo.

Tangu alfajiri nimepanga maneno. Daktari, kuna jambo. Daktari, siku ile kichwa changu. Daktari, lile kopo ulilopewa. Kila nikianza, naiona Busia, na naona dirisha la Mama bila mtu wa kuliangalia. Lakini pia naiona pikapu ile ya Kenneth na shuka lake jeupe. Nilimwambia nini siku ile? Maneno yangu mwenyewe yanirudia mdomoni, machungu kama shubiri. Kanze amepita kuniona. Sikumwomba ushauri. Alinishika bega tu akaenda zake.

Sasa hivi Mzee Badawi aniita kutoka roshanini kwake. Simu ya mtaa huu iko kwake peke yake, na namba yake ndiyo niliyoandikisha kazini. Asema simu yangu, Nairobi, yule Daktari, yuko kwenye laini asubiri. Nimemwuliza kwa sauti ya chini, amekasirika au acheka? Asema hawezi kujua. Aliuliza salamu kwanza, kwa adabu, kisha akauliza huu mche ni wa nini na umetoka wapi.

Nimevaa viatu vya kazi. Sijui kwa nini, ni hapo ng'ambo ya kichochoro tu. Nimefunga na buibui. Naandika haya nimesimama.

Mama ameketi dirishani, kamba tupu mapajani. Amesikia kila kitu, masikio yake hayana ugonjwa. Hakunikataza. Amenitengeneza mtandio, akanisukuma kidogo mgongoni.

"Nenda ukamwambie," amesema. "Na umwambie kikapu changu akirudishe, na kisije kitupu. Huenda nikakitaka kwa kushukia."